Gari Lililotengenezewa Nchi Nyingine: Utangulizi wa Kumiliki Mark X

Ukiketi ndani ya Toyota Mark X iliyotoka bandarini Dar es Salaam juzi tu, ukawasha injini, huenda sauti ya mwanamke ikakusemesha kwa Kijapani. Wenye magari haya wameizoea, na wengi hawajawahi kuuliza anasema nini. Anakukumbusha kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi. Sauti hiyo hutoka kwenye kifaa kidogo kiitwacho ETC, ambacho kule Japani humwezesha dereva kupita geti la malipo bila kusimama. Huku kwetu geti hilo halipo na kadi hiyo haipo, ila kifaa hakina habari. Redio nayo ina yake: masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya miaka ile hukomea 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo utasikia chache sana mpaka fundi akufungie kifaa cha kuhamisha masafa.

Nimeanza na vituko hivi viwili visivyo na madhara kwa sababu vimebeba wazo ambalo ningependa uingie nalo katika somo hili. Mark X haikutengenezewa dunia nzima. Ilitengenezwa na wahandisi makini kwa ajili ya nchi moja, yenye petroli yake, lami yake, gereji zake na sheria zake. Karibu kila kinachomsumbua mmiliki wa hapa hutokea pale ambapo matarajio ya mhandisi yule na hali yetu vimeachana. Ukilishika hilo, hutakuwa na haja ya kukariri orodha ndefu ya magonjwa ya gari, utaweza kujiuliza mwenyewe, “Huyu aliyelitengeneza alitarajia nini hapa?” Na kama hujawahi kufungua boneti maishani mwako, usihofu. Karibu. Tutakwenda polepole.

Tuanze na jina la aina yenyewe. Sedani ni gari la milango minne lenye buti lililojitenga na sehemu ya abiria. Sedani huitwa ya kimichezo pale mtengenezaji anapoipa injini yenye nguvu kupita mahitaji ya kumpeleka mtu kazini, kisha akaipangia chasisi, yaani kiunzi na mfumo wote wa kubeba magurudumu, ili imtii dereva kwenye kona. Japani ilitengeneza nyingi za namna hii: Altezza, Impreza WRX, Legacy B4, Lancer Evolution. Nchini Kenya Subaru ina wafuasi wasioambilika, na wana sababu: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na watu waliiona kwa macho yao ikipita kwenye vumbi. Mimi nimechagua Mark X kwa kuwa imejaa kwenye barabara zetu na inafundisha mengi.

Ukoo wake ni mrefu. Ulianza na Mark II ya mwaka 1968, ukapitia kwa ndugu zake Chaser na Cresta, na mwaka 2004 Mark II ikaipisha Mark X ya kwanza. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2009, na uzalishaji ulisimama mwishoni mwa 2019. Vizazi vyote viwili vina injini ya mbele inayosukuma magurudumu ya nyuma (yapo pia matoleo yanayosukuma yote manne), na silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, tatu kila upande. Silinda ni tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Huko ndiko petroli inakounguzwa.

Sasa swali ambalo kila mgeni huniuliza: kama gari ni zuri hivyo, Mjapani analiuza kwa nini? Wengi hudhani lazima lina kasoro iliyofichwa. Jibu kwa sehemu kubwa liko kwenye sheria. Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na kila mara mwenye gari hulipia ukaguzi, kodi ya uzito na bima ya lazima, mbali na gharama ya kurekebisha kilichochoka. Gari likishafika umri fulani, mwenyewe hupiga hesabu na kuona afadhali anunue jingine. Kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, gari lenye usukani wa kulia linalowaelemea wao linatufaa sisi bila kubadilishwa kitu. Kwa hiyo gari linaweza kuuzwa likiwa zima kabisa. Linaweza pia kuuzwa likiwa limegongwa na kunyooshwa, na kazi yako ni kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Hapo ndipo unapohitaji karatasi ya mnada. Magari mengi ya kuja kwetu hupitia kwenye minada ya ndani ya Japani, na mkaguzi wa mnada hulijazia kila gari karatasi moja. Juu huandikwa daraja. Gari la 4 au 4.5 ni la kutia moyo, la 3.5 lina mikwaruzo na uchovu wa kawaida, na lenye herufi R au RA lina historia ya ajali iliyofanyiwa matengenezo. Pembeni huwa na herufi ya hali ya ndani, A ikiwa bora kabisa. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa, na juu yake alama ndogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu. Namba inayofuata huonyesha ukubwa, kwa hiyo A1 haikunyimi usingizi, lakini W3 kwenye mlango inastahili maswali.

Jambo moja huwachanganya wengi kwenye karatasi hiyo, nalo ni mwaka. Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Ukiona 20 kwenye gari la enzi ya Heisei, jumlisha 1988, utapata 2008. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, hivyo huko unajumlisha 2018. Linganisha pia kilomita: muuzaji akikuonyesha karatasi yenye kilomita chache kuliko zile za kwenye dashibodi, huenda gari limetembea kidogo tangu mnada. Akikuonyesha yenye kilomita nyingi kuliko dashibodi, funga mazungumzo.

Kitu cha pili cha kusoma ni namba ya chasisi. Kwa Mark X huanza na GRX, halafu tarakimu tatu. GRX120 ni kizazi cha kwanza chenye injini ya lita 2.5, GRX121 ni lita 3.0, GRX125 ni lita 2.5 inayosukuma magurudumu yote. Kizazi cha pili ni GRX130 kwa lita 2.5, GRX133 kwa lita 3.5 na GRX135 kwa ile ya magurudumu yote. Ukienda Gerezani, Kariakoo, kununua spea mpya, au Ilala kutafuta zilizotumika, ukasema tu “nataka bushi za Mark X”, umemkaribisha muuzaji akupe zozote alizonazo. Ukimtajia namba ya chasisi kamili, atatafuta kifaa kilichofungwa kwenye gari lako kiwandani. Iandike kwenye simu yako leo.

Sasa tufike kwenye injini, na hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo umbali kati ya Japani na kwetu unapogeuka kuwa pesa.

Injini ya petroli hufanya kazi kwa kubana mchanganyiko wa hewa na mafuta, kisha kuuwasha kwa cheche ya plagi. Kadiri unavyobana zaidi, ndivyo unavyopata nguvu zaidi kutoka tone lile lile. Kiasi cha kubana huitwa uwiano wa mgandamizo. Injini ya 2.5 ya GRX120, inayojulikana kwa jina la 4GR-FSE, ina uwiano wa 12 kwa 1, yaani hewa iliyojaza ujazo wa kumi na mbili inasukumwa mpaka ujazo wa moja. Kwa injini isiyo na tabo, ile feni ya kusindilia hewa ndani ya silinda, huo ni mgandamizo mkubwa. Ndiyo siri ya nguvu zake za farasi 215.

Lakini mgandamizo mkubwa una sharti lake. Petroli ikibanwa sana huweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati wake. Mlipuko huo usioagizwa huipiga pistoni, na ukiusikia ni kama mlio wa kugongagonga pale unapokanyaga mafuta kupanda mlima. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka hivyo. Japani huuza petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo viwango vyao vinataka isipungue okteni 89, na ya juu, isiyopungua 96. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko katikati ya hizo mbili. Injini za GRX120 na GRX121 ziliandikiwa ile ya juu.

Je, utaiua injini kwa kuijazia ya hapa? Hapana, na usimwamini anayekutisha. Kwenye bloku ya injini kuna kihisi, kifaa kinachosikiliza mlio huo na kuiambia kompyuta ya gari, nayo huchelewesha cheche kidogo. Injini hujiokoa. Gharama yake ni kwamba nguvu hupungua na unywaji wa mafuta huongezeka, ndiyo maana watu wawili wenye Mark X zinazofanana husimulia habari tofauti kabisa za mafuta. Palipo na petroli ya okteni ya juu, jaza hiyo. Na hapa kuna habari njema kwa mnunuzi mpya: katika kizazi cha pili Toyota waliirekebisha 2.5 itumie petroli ya kawaida, nguvu ikashuka kidogo hadi farasi 203. Kwenye karatasi inaonekana ni hasara. Kwenye pampu zetu, GRX130 ndiyo gari linalokaribiana zaidi na kile tulichonacho, nami humshauri kila anayeanza aitafute hiyo badala ya kukimbilia ile ya lita 3.5 yenye farasi 318. Tena kipimo cha kasi cha hizi zote kimeishia 180, maana magari ya Japani ya soko la ndani hufungiwa hapo kielektroniki.

Kuna jambo jingine kuhusu injini hii ambalo mafundi wengi wa zamani hawakulikuta shuleni. Kwenye injini za awali, petroli hunyunyizwa kwenye njia ya kuingizia hewa, nyuma ya vali, na vali ni mlango unaofunguka na kufunga ili kuruhusu hewa iingie kwenye silinda. 4GR-FSE hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa pampu yenye presha kubwa. Faida yake ni kuunguza kwa usahihi. Hasara yake ni kwamba petroli haioshi tena mgongo wa vali, na mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hugandia hapo na kuwa masizi. Miaka ikipita, gari huanza kutetemeka likiwa limesimama na kuwaka kwa shida asubuhi. Fundi asiyelijua hili atabadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu ya mafuta, mpaka mfuko wako ukauke, na mtetemo utakuwepo pale pale. Dawa ni kufungua njia ya hewa na kusafisha vali. Injini ya lita 3.5 iliwekewa vinyunyizio vya aina zote mbili, hivyo haisumbuki sana na tatizo hili.

Kuhusu oili, jiandae kubishana. Namba kama 5W-30 husomwa hivi: iliyo kabla ya W huonyesha wepesi wa oili kutiririka injini ikiwa ya baridi, na ya mwisho huonyesha uzito wake ikiwa imepata moto. Fundi wako atakuambia nchi yetu ni ya joto, kwa hiyo weka 20W-50, nzito kama uji wa mgonjwa aliyepona. Anasema kwa nia njema. Ilikuwa kweli kwa injini alizojifunzia. Mark X ina mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa vali kwa kutumia presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Oili nzito huchelewa kufika huko, na kompyuta itakuwashia taa ya injini. Baki na nyembamba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kama foleni za jiji ndizo maisha yako, ibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Giaboksi otomatiki ya kasi sita nayo hutaka oili yake maalumu iitwayo WS, na haina kijiti cha kupimia. Usikubali kumiminiwa oili yoyote nyekundu iliyoko dukani.

Zipo pia tabia mbili za gereji zetu ambazo ningependa uzikatae kwa heshima lakini kwa msimamo. Ya kwanza ni kung'oa thamostati, yaani mlango mdogo unaozuia maji ya kupoozea yasizunguke kwenye redieta mpaka injini ipate joto la kazi. Watu huing'oa wakiogopa gari kuchemsha. Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta hudhani ni asubuhi siku nzima, na huendelea kumwaga petroli ya ziada. Gari likichemsha, tafuta sababu: redieta iliyoziba, pampu ya maji inayovuja, feni isiyozunguka. Na tumia kulanti iliyochanganywa ipasavyo, si maji ya bomba, kwani maji matupu huleta kutu ndani ya njia za aluminiamu na kuziziba.

Ya pili ni kutoa masega. Hilo ndilo jina ambalo mafundi wengi wamekipa kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, chenye matundu madogo madogo yaliyopakwa madini adimu. Utaambiwa gari litakuwa jepesi. Ukweli ni kwamba madini yale yana soko, na mara nyingi anayefaidika si wewe. Vihisi vya moshi vilivyo kabla na baada ya kichujio vitaona tofauti imetoweka, na taa ya injini itawaka isizimike.

Taa hiyo isikuogopeshe. Ni kompyuta inaomba kusomwa. Mashine ndogo ya kuchomeka chini ya usukani hutoa msimbo: P0300 unamaanisha silinda zinakosa kuwaka sawasawa, P0171 unamaanisha hewa imezidi petroli, P0011 unahusu VVT-i niliyoitaja. Msimbo hausemi “badilisha kifaa fulani”. Unasema dalili, na baada ya hapo ni kazi ya kichwa. Fundi anayesoma msimbo, akafikiri, akapima, kisha ndipo akanunua spea, mshike vizuri na umlipe anachostahili.

Magurudumu niyapitie haraka. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi kama 215/60R16: upana wa milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Kimo chake basi ni milimita 129. Toleo la kimichezo huja na 225/45R18, ambalo ubavu wake ni kama milimita 101 tu. Sentimita karibu tatu za mpira zilizopungua ndizo zingeikinga rimu kwenye shimo. Kwenye lami ya Japani hazihitajiki. Kwenye njia ya kuingia mtaani kwako zinahitajika sana, na bushi za mikono ya mbele, zile raba zinazotenganisha vyuma vya kusimamishia gurudumu, zitakushukuru ukichagua inchi 16.

Kuhusu kodi, usifanye hesabu kwa maneno ya rafiki. Tanzania huruhusu magari ya umri mkubwa lakini huyatoza ushuru wa ziada, na injini kubwa hulipa zaidi. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kilichoko kwenye tovuti yao ndicho cha kuangalia kabla hujatuma fedha. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa kuwa Mark X za mwisho ni za 2019, kanuni hiyo inazidi kuifungia mlango wa Mombasa kila mwaka, na Mkenya anayeitaka atazidi kuitafuta miongoni mwa zilizokwisha ingia.

Ukishalipata gari lako, usianze na rimu, muziki wala kulishusha chini. Mwezi wa kwanza badilisha oili ya injini, kagua ya giaboksi, badilisha kulanti, plagi na chujio la hewa, na soma misimbo hata kama hakuna taa inayowaka. Nunua daftari. Andika kila kitu kwa tarehe na kilomita: oili gani, spea gani, namba yake, nani aliifunga, petroli lita ngapi. Ndani ya mwaka mmoja utakuwa unajua unywaji halisi wa gari lako kuliko mtu yeyote atakayekubishia kijiweni. Na siku utakapoliuza, mnunuzi mwenye akili atalipia daftari hilo kabla ya kulipia rangi.